Mlango Ulioitwa Sanduze

Dancille alipotimiza miaka minane alikuwa amekwisha kulala katika nyumba nne, na katika zote nne alikuwa na mlango uleule. Nyumba zilibaki nyuma, kila moja na harufu yake. Mlango ulihama pamoja na familia yake. Ulikuwa wa mbao za libuyu, mwekundu, mzito kama mgonjwa anayebebwa, na baba yake Habarurema aliuchonga mwenyewe mwaka waliposhuka kutoka Masisi kuja Goma kutafuta kazi ya useremala.

Chanzo cha kuhama nao kilikuwa neno moja. Mwaka wa 1954 serikali iliamua kuhesabu watu wa mtaa wao, na karani Télesphore akapita na kopo la rangi nyeupe, kofia imemfunika masikio. "Kila mulango utapata namba yake," alitangaza. "Mwenye hana namba atapanda lori, arudi kwao." Kwa karani, mulango ni watu: baba, mama na watoto, wote wanaokula chungu kimoja. Ndivyo daftari lake lilivyosema. Lakini rangi haipakwi juu ya watu, kwa hiyo akaipaka juu ya mbao: 112. Akaisoma kwa Kifaransa, na Dancille akasikia "Sanduze", akadhani mlango wao umebatizwa.

"Na tukihama, karani?" Habarurema aliuliza.

Télesphore alikuwa amebakiza nyumba themanini na rangi ya nusu kopo. "Namba inafuata mulango, muzee."

Habarurema alilishika neno hilo kama lilivyoingia sikioni mwake. Miezi mitatu baadaye Kataliko, mfanyabiashara wa kutoka Butembo mwenye nyumba ya udongo waliyopanga, alitaka kuifanya ghala. Habarurema hakubishana. Alitoa bisibisi, akafungua bawaba, akaweka mlango kichwani.

"Muzee, nyumba ni yangu," Kataliko alisema.

"Nimekuachia nyumba."

"Na maharagi yangu yatafungwa na nini?"

"Maharagi haina kwao pa kurudishwa," Habarurema akamjibu, akaondoka polepole. Mkewe Béata alimfuata na vyungu, na Dancille nyuma yao na bawaba mbili mkononi, akizishika kama mayai.

Nyumba ya pili ilikuwa chumba cha watumishi, nyuma ya nyumba ya Mzungu mmoja karibu na ziwa. Tundu la kuingilia lilikuwa jembamba, mlango ukakataa. Wakaulaza chini, ukawa kitanda. Dancille alilala juu ya namba, na asubuhi mama yake alimkuta na alama ya rangi shavuni. Mbwa wa pale alikuwa na kibanda chake chenye paa la bati na jina limeandikwa juu. Dancille alikipima kwa hatua, akarudi kwa baba yake.

"Papa, imbwa haina namba?"

"Ana jina."

"Sanduze pia ni jina."

Habarurema akatoka nje kutazama ziwa.

Nyumba ya tatu ilikuwa chumba katika kambi ya wafanyakazi wa kahawa, matofali, safu ndefu ya milango inayofanana kama meno. Kila chumba kilikuwa tayari na mlango wake, kwa hiyo Habarurema aliusimamisha wao ndani, hatua mbili nyuma ya ule wa kambi. Mgeni alipiga hodi, akakaribishwa, akafungua, akakuta mlango mwingine, akapiga hodi tena. Béata aliitikia mara mbili bila kucheka. Majirani wakaanza kumsalimia mara mbili hata sokoni, na mwanamke mmoja wa chumba cha nane alisema huenda ndivyo wafanyavyo watu wa Masisi.

Kazi ya kambi ilipokwisha walipokewa na Mama Kahindo, mjane mwenye moyo mpana na jiko finyu. Waliishi katika jiko hilo, ndani ya moshi wa kuni mbichi. Mlango ulikuwa mrefu kuliko jiko lenyewe, ukapita paa na kusimama juu ya nyasi, na kuku wakaufanya mahali pa kulala. Huko ndiko Béata alikopata mimba. Alisema mtoto huyu atazaliwa akikohoa.

Kisha upepo wa Septemba ukalichukua jiko. Ulichukua nyasi, miti, hata kamba ya nguo. Mlango ulianguka kifudifudi, ukanyanyuliwa bila jeraha. Na wiki hiyohiyo polisi akapita akipiga ngoma: Jumanne Bwana Ajenti, Mzungu wa serikali, atakuja mwenyewe na daftari. Asiyekutwa kwenye namba yake, lori linamngoja.

Dancille alilijua lori hilo. Lilikuwa limemchukua rafiki yake wa masomo, na dawati lake shuleni kwa masista lilikuwa bado wazi. Alimwuliza baba yake kama watapanda.

"Tuko na namba," Habarurema alisema.

"Lakini hatuko na nyumba."

"Hawakuuliza nyumba."

Mama Kahindo aliwaonyesha kipande cha mawe meusi nyuma ya kiwanja chake, mahali ambapo hata mhogo ulikataa kuota. Hakuna jembe linaloingia katika mawe ya volkeno, kwa hiyo Habarurema hakuchimba. Alitengeneza fremu, akaisimamisha juu ya mawe, akairundikia mawe mengine huku na huku hadi magotini, akaning'iniza mlango. Nyuma yake akaweka mkeka, kitanda na chungu. Hapakuwa na ukuta. Kulikuwa na mlango, na ulimwengu wote pande zake mbili.

Jumanne asubuhi walikaa nyuma yake, wamevaa nguo za misa. Walimwona Ajenti akija tangu mbali, karani Télesphore nyuma yake na daftari, na Ajenti aliwaona. Alikuja moja kwa moja, akaupita mlango kwa kushoto, akasimama juu ya mkeka na viatu vyake.

Dancille aliinama kwa heshima. "Bwana, umepita katika ukuta."

Karani Télesphore alitafsiri. Ajenti alitazama alikopita, akatazama mkeka, akatazama viatu. Uso ukamwiva. Alirudi alikotoka, na karani akapiga hodi.

"Karibu," Béata akasema, akafungua.

Wakaingia. Ajenti aliuliza neno, na karani akalileta kwa Kiswahili huku akilitazama daftari badala ya watu, maana sasa alikuwa amekumbuka alilowaambia siku ile ya rangi.

"Bwana anauliza, mulango huu ni nini?"

Habarurema alifungua kinywa aseme libuyu. Dancille akamtangulia, kwa kuwa swali hilo lilikuwa rahisi.

"Sanduze ni Papa, na Mama, na miye," alisema. "Na ule mwenye kuwa katika tumbo ya Mama."

Télesphore alishusha pumzi ndefu. Akageuza daftari, akamwonyesha Ajenti kwa kidole: mulango 112, watu watatu, na mmoja yuko njiani. Ajenti aliuliza nyumba iko wapi. Karani alipekua ukurasa mbele na nyuma, akajibu kwa upole kwamba nyumba haina mahali pake katika daftari.

Ajenti alichukua daftari. Aliandika mstari mmoja, akagonga muhuri, daftari likiwa juu ya paja la karani. Télesphore akausoma: mulango 112 umekutwa hapa, na ni marufuku kuondolewa hapa.

"Maana yake nini, karani?" Habarurema akauliza.

"Maana yake sasa jenga, muzee. Na usitembee tena na mulango, nakuomba."

Ajenti alitoka kwa adabu, akaufunga nyuma yake.

Ukuta wa kwanza ulichukua wiki sita, wa pili ulimkuta mtoto amezaliwa, naye hakukohoa. Siku zote hizo kuku walipita kila upande. Dancille akitoka masomo alizunguka mawe mpaka mbele, akapiga hodi, akangoja mama yake, aliyekuwa akimwona vizuri kabisa, aitikie.