Alichokiona Depite Chini ya Meza

Usiponiamini sitakulaumu. Hata mimi, mtu mwingine angenisimulia haya, ningemuuliza amekunywa nini. Lakini yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu zote na tumboni mna chai tu, huko Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Nilifika kule kwa safari ndefu. Nilitoka Kasulu nikiwa na cheti cha kidato cha nne, leseni ya udereva na miguu isiyotulia. Nikaendesha lori la maharage ya watu hadi Ngara. Nikavuka Rusumo juu ya magunia, nikalala Kigali kwenye karakana moja kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga, nikaosha magari Ruhengeri mpaka mvua ikanichosha. Lori la mwisho lilinishusha Gisenyi asubuhi ya baridi. Barabara inateremka, inakunja kona, halafu ghafla ziwa lote lile liko mbele yako. Nilijiambia nitapumzika wiki moja. Nani angejua kwamba ningekaa zaidi ya miaka miwili?

Walioniajiri walikuwa wazee wawili waliorudi kutoka Congo, Papa Janvier na mkewe, Mama Janvier. Walikuwa na gari la zamani la rangi ya maziwa, lakini macho ya mzee yalikuwa yamepungua nguvu. Janvier mwenyewe, mtoto wao wa pekee, alikuwa Kisangani vita vilipozuka, na tangu hapo hawakupata neno lake hata moja. Alikuwa hai? Alikuwa amekufa? Mama hakuweza kukaa matanga, wala hakuweza kucheka vizuri. Alibaki katikati.

Janvier aliacha mbwa. Yeye ndiye aliyempa jina la Depite, yaani mbunge kwa Kifaransa, maana, alisema, mnyama huyo anakula, analala, na akiamka anapiga kelele kidogo ili aonekane yupo. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limelala.

Kila Jumapili baada ya misa katika kanisa la Nyundo, wazee walitaka kutembezwa. Tulikwenda kwenye chemchemi za maji ya moto, tukapita polepole kwenye barabara ya ufukweni yenye michikichi michache na nyumba za Wazungu wa zamani, kisha tukaenda kula samaki kwenye mkahawa mmoja kando ya maji, upande wa kuelekea Grande Barrière, kivuko kikubwa cha mpaka wa Congo. Ni palepale walipokuwa wakienda na mtoto wao. Mama aliniambia siku ya kwanza, "Shofere, kama Janvier anarudia, atatutafuta pale. Donc, basi tusikose."

Kazi yangu ilikuwa kuendesha na kumshika Depite. Baada ya miezi kadhaa nilianza kuyaona matembezi yale kwa macho yake. Mzee akinyoosha kidole kuonyesha moto mwekundu wa volkano, Depite aliangalia kidole. Kwenye chemchemi, watu wakishangaa maji yanavyotokota, yeye alichunguza nani anachemsha viazi. Ziwa alilipa mgongo. Kwake yeye, uzuri wote wa Gisenyi ulikuwa chini ya meza ile ya mkahawa, mahali ambapo vitu vizuri huanguka kutoka juu bila sababu. Punje ya wali haikumpita. Hata maganda ya ndizi choma alikuwa akiyasafisha.

Tulipewa meza ya mwisho, karibu kabisa na maji, yenye kitambaa kirefu. Baada ya mauaji yaliyoipata nchi ile, maiti zikabaki bila kuzikwa, watu wengi hawakutaka kuona mbwa karibu na chakula. Zaidi ya hapo sitaeleza. Kitambaa kilimficha, na kila mtu akala kwa amani.

Sasa nisikilize vizuri. Jumapili moja jua lilikuwa linazama, taa za mkahawa bado hazijawashwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukuta mfupi wa mawe hatua chache kutoka mezani, na kamba ya Depite mkononi. Akaja bwana mmoja amevaa suti ya kijivu, viatu vinang'aa, amebeba chupa ya urwagwa, ile pombe ya ndizi. Akawasalimia wazee kwa heshima, kwa mikono miwili. Akasema ametoka Kisangani. Akasema anamjua Janvier.

Mama aliangusha uma.

Mgeni akaketi. Akaomba glasi, akamimina. Kabla ya kuwapa akanywa yeye kwanza, kama desturi inavyotaka. Lazima ujue kwamba kule mtu hakupi kinywaji mpaka aonje mbele yako, kwa sababu hofu ya sumu ni kubwa, na asiyeonja hupewa kisogo. Huyu alionja vizuri, mafunda mawili makubwa, koo linapanda na kushuka. Nilimwona Mzee akilegea mabega. Mtu aliyeonja ni mtu wa kuaminika. Wakamkaribisha samaki, akala pamoja nao kwenye sahani moja.

"Janvier iko muzima," akasema. "Amevuka leo bila karatasi, anaogopa askari. Iko kule chini, nyuma ya mawe meusi. Ananituma niwaite. Lakini mukuje nyinyi wawili tu. Mutu mwingine akikuja, atakimbia."

Ndipo Depite alipoanza kutetemeka. Kamba ilicheza mkononi mwangu kama mshipi ulionasa samaki. Akalia, si kwa kubweka, bali kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Shofere, toa ule mbwa!" Mzee akaniambia kwa hasira. "Anatuletea haya mbele ya mugeni."

Nikapiga magoti, nikainua kitambaa, nikaingia chini ya meza.

Naapa, nilichokiona ni hiki. Miguu ya Mama ilikuwa imevua kandambili. Viatu vya Mzee vilikuwa na vumbi la Nyundo. Upande wa tatu palikuwa na viatu vile vinavyong'aa, na juu yake suruali ya kijivu. Juu ya meza nikamsikia mgeni akimeza. Na chini ya kiti chake ukashuka uzi wa pombe, na povu lake, ukaingia kwenye majani. Akameza tena, ukashuka tena. Kisha kikaanguka kipande cha samaki, kizima, hakijatafunwa. Palikuwa tayari na rundo dogo pale, samaki, ndizi na pombe, yote yamepita ndani ya mtu yule kama maji yanavyopita kwenye chujio. Na suruali yake ilikuwa kavu.

Depite, ambaye hajawahi kuacha punje ya wali, alikuwa amejibana kwenye miguu ya Mama, mkia umefichwa, na rundo lile hakuligusa.

Nilitoka nikiwa na majani magotini. Mgeni alikuwa ananitazama. Akatabasamu, akaniita kwa jina ambalo ni bibi yangu tu alikuwa akiniita, na bibi yangu alikuwa amezikwa Kasulu miaka mingi. "Umepoteza nini kule chini?" akaniuliza, kwa Kiha safi, lugha ya kwetu. We ungefanya nini?

Mama alikuwa amekwisha simama, anajifunga kitenge vizuri kwa safari. Nikamshika Mzee mkono, nikamvuta kando, nikamwambia sikioni yote niliyoyaona.

"Weye Mutanzania, uko na homa?" akajibu, tena kwa sauti ya juu. "Mutu ameonja! Nimemuona na macho yangu. Unataka nini tena, alale ndani ya chupa?"

"Mzee, nakuomba. Inama uangalie tu."

"Mi niingie chini ya meza kama kuku? Na watu wote hawa?"

"Mama," nikasema, "wewe basi. Kabla hujaenda."

"Mutoto yangu iko peke yake kwenye mawe, na we unanichelewesha!" Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Nilifikiri atanipiga. Lakini Depite alikuwa ameng'ata pindo la kitenge chake, na hakuliachia. Mama akamwangalia mbwa wa mwanawe. Kisha akasema taratibu, "Bon. Mi ni mutoto wa Bugeshi, kule milimani, nimelima viazi. Chini si mbali na mi."

Akainama. Mgeni wakati huo alikuwa na glasi mdomoni, na sidhani kama angeweza kuizuia pombe isishuke.

Mama aliinuka polepole sana. Alikaa, akakunja mikono mapajani, akasema, "Bwana, asante kwa kutuletea habari. Umwambie Janvier nyumba iko palepale, mlango ni uleule. Kama iko muzima, anajua njia. Miguu iko yake. Sisi hatushuki."

"Atalia, Mama," mgeni akasema.

"Mi pia nitalia. Wende."

Mgeni akasimama, akainamisha kichwa kwa adabu ileile, akateremka kuelekea mawe meusi bila kugeuka. Hakutoweka kwa moshi, kama unavyosikia kwenye hadithi. Alikwenda kwa miguu tu mpaka giza likamchukua.

Mzee alikuwa ameanza kutugombeza wote watatu, mbwa akiwemo, alipofika msichana wa mkahawa na taa. Akamulika chini, akashika kiuno. "Yoo! Papa Janvier, mbwa yenu imetapika hapa! Mutasafisha nyinyi, mi sigusi!"

Hapo ndipo Mzee, mbele ya watu wote, alipopiga magoti na suruali yake ya misa. Akaangalia rundo lile. Akagusa majani, akanusa vidole. Aliponyanyuka alikuwa ameegemea bega langu.

Kesho yake tulirudi na vijana wa pale wanaojua mawe yale. Nyuma yake kuna shimo la chini, mojawapo ya yale ambayo watu wa huko huita mazuku: hewa mbaya hutoka ardhini, haina rangi, na anayeshuka humo jioni hulala asiamke. Hatukukaribia. Kwa mbali tuliona mbuzi mmoja na kunguru wawili wamelala kama wamesinzia. Hewa naielewa, nimesoma kidogo. Lakini hewa huvaa suti? Hewa huja mezani ikajua jina la mtoto wako?

Miezi ikapita. Siku moja ya wiki, nikiosha gari, mtu mwembamba mwenye ndevu na sandali za plastiki alisimama getini. Alikuwa amevuka Grande Barrière kwa miguu, na karatasi zake zote mkononi. Depite alimrukia mpaka wote wawili wakaanguka. Mama alitoka jikoni, akasimama mlangoni, na hakumkumbatia. Akasema, "Ingia. Kaa. Kula kwanza."

Janvier akakaa, akashangaa, akala. Na Mama yake, na umri ule, akaingia chini ya meza na kubaki huko. Tulimsikia akianza kulia kule chini, halafu akicheka, na Janvier akiuliza, "Maman, unafanya nini?" Mama akatoka amemshika miguu yote miwili kama mtu anayezuia mbuzi asitoroke.

Nimefikiria sana siku ile. Wazee wangeshuka Jumapili ile, kijana angekuta nyumba tupu na mimi nikimtafutia maneno. Badala yake nilikula kwenye karamu yao ya kumpokea. Mpaka leo, nikiwa nimezunguka nchi ambazo sitaki hata kuzitaja, nikiulizwa Mungu amenitendea nini, naanza na karamu ile.

Janvier alijua kuendesha, na miguu yangu ilikuwa imeanza kuwasha. Walinisihi nibaki. Mzee alisema, "Nyumba ina vyumba vinne, unakimbia kipi?" Asubuhi niliyoondoka Mama alinifungia viazi vya moto kwenye kitambaa, akanifanyia ishara ya msalaba kwenye paji la uso, jambo ambalo mama yangu mzazi hakuwahi kunifanyia. Basi likapanda mlima kuelekea Nyundo. Nilikaa upande wa dirisha nikashukuru kimoyomoyo, mmoja mmoja, mbwa nikamweka wa kwanza. Sijarudi Gisenyi tena.

Nawe unayesoma, mtu asiyemjua akikuletea habari unayoitamani kuliko zote duniani, hata akionja kinywaji mbele yako, usinyanyuke haraka. Na kama kuna mnyama ndani ya nyumba yako anayekataa chakula siku hiyo, usimpige. Mwulize kwanza ameona nini.