Nilitafsiri Uongo Mbele ya Kamati

Nitukaneni mkitaka, nimestahili. Nilimdhulumu mama ambaye mwanawe alichukuliwa na watu wa usalama, tena kwa ulimi wangu mwenyewe.

Kamati ilitoka Nairobi kuja Garissa, ikaketi hemani kusikiliza malalamiko dhidi ya maafisa wa ujasusi. Wakubwa hao walikumbuka maji ya chupa, mkalimani wakamsahau! Wakaniokota mimi, mwalimu wa shule ya msingi, kwa kuwa Kisomali ni cha nyumbani na Kiswahili nakifundisha. Nikashika msahafu, nikaapa kutafsiri kweli tupu.

Akasimama Eddo Habiba, jirani yangu. Tunamwita eddo, yaani shangazi, ingawa si wa damu. Mwanawe Yusuf alibebwa sokoni Modogashe akiuza mbuzi, hajaonekana tena. Eddo alisema kwa Kisomali kwamba siku ile alikuwepo sokoni, akamwona vizuri mtu aliyembeba Yusuf, na mtu huyo yumo humu hemani, safu ya nyuma, amevaa saa mkono wa kulia.

Nikatazama nyuma. Yule jamaa alikuwa ananitazama mimi, hana hata wasiwasi. Kwangu anakujua, na shule ninakofundisha anaijua.

Nikaiambia kamati: "Mama anasema hakumtambua mtu."

Mwoga mkubwa mimi! Waliojua lugha zote mbili walisikia, wakainamisha vichwa. Mwenyekiti akaandika, akaita mwingine. Eddo alipopita kurudi kuketi akaniombea dua kwa kazi nzuri.

Ripoti ilipotoka, binti yake akamsomea. Maneno yangu ndiyo yaliyofunga faili ya Yusuf. Yule jamaa bado anakunywa chai mjini, miguu ameinyoosha. Namchukia, na najichukia zaidi.

Asubuhi moja Eddo akaja kwangu. Nikamwekea chai, hakuigusa. Nikaanza kuomba msamaha kwa Kisomali, akanikatiza kwa Kiswahili, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiisema.

"Mimi sasa nasoma ngumbaru, na wazee wengine," akasema polepole. "Kamati ikirudi, nitasema na mdomo yangu."

Wewe utakayeitwa kutafsiri, kama unaogopa, sema unaogopa na ukikatae kile kiti cha mkalimani. Na nyinyi mliokuwa hemani, mkisikia uongo tena, msiinamishe vichwa, maana hata nyinyi mlimzika Yusuf pamoja nami!

Kila alasiri Eddo hupita mlangoni kwangu akienda darasani, daftari kwapani. Namsalimia. Haitikii.