Ukuta Uliovishwa Saruji

Nyumba yangu ya Mabwerebwere ilikuwa na kuta nene, dirishani paka alilala kwa mapana na bado pakabaki nafasi ya kuweka kikombe. Aliijenga marehemu mume wangu, fundi wa reli, kwa nguzo na fito alizochagua mwenyewe. Kuta nilizisiriba mimi. Sitajifanya mnyenyekevu uzeeni: Kilosa nzima hapakuwa na mkono wa kusiriba kama wangu. Wanawake walikuja kushika ukuta wangu kama wanavyoshika kitenge dukani. Shule niliishia darasa la nne, lakini udongo niliusoma mpaka ukurasa wa mwisho.

Wageni wakija Kilosa siku hizi wanapiga picha boma la Wajerumani, wanapiga picha stesheni ya zamani na maduka ya Wahindi yenye milango ya mbao. Wanasema hiyo ni historia. Nyumba kama yangu zilikuwepo humo humo katikati, na sijaona hata mmoja akielekeza simu yake huku. Nyumba ya udongo watu wanaiita umaskini. Mwanangu naye alikuwa mmoja wa watu hao.

Kusiriba si kupaka matope. Unachimba udongo wa kichuguu, unachanganya na kinyesi cha ng'ombe na majivu yaliyochekechwa, unaloweka, unakanyaga, halafu unauacha uoze. Majirani wakianza kulalamika harufu, ndipo ujue umeiva. Unapaka kwa kiganja, kwa sababu kiganja kinasikia kokoto na mwiko hausikii kitu. Kila kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, tulizungukiana. Leo kwangu, kesho kwa mwingine. Mwenye nyumba anapika, wengine wanasiriba, na umbea wote wa mji ulikandikwa kwenye kuta zile. Bibi harusi mmoja ukuta wake ulipopasuka, tulimwambia una magaga kama miguu yake. Alilia, akarudi kujifunza. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mwenzangu wa karibu kuliko wote. Alipofiwa na mumewe alihamia Mikumi kutafuta kazi kwenye nyumba za watalii, na mzunguko wetu ukaanza kufa. Wengine walizikwa, wengine walijenga kwa tofali.

Sasa mjukuu wangu akaposwa, na wakwe walikuwa wanatoka Morogoro mjini. Baba yake, huyo mwanangu anayeuza spea za pikipiki sokoni, alikosa raha. Asubuhi moja alikuja na fundi, marobota ya waya wa kuku na mifuko ya saruji. Alisema ni zawadi yangu. Wangepigilia waya juu ya udongo, kisha wapige lipu ya saruji nyumba nzima, ndani na nje.

"Mama, na wewe ukae kama watu," aliniambia.

Nilimuuliza mimi nilikuwa nakaa kama nini. Nikamweleza kwamba ukuta wa udongo unakunywa maji kutoka chini kila masika, na unayatoa kama jasho jua likitoka. Ukiuvika saruji umeufunga mdomo na pua. Alicheka kwa upendo, wanavyocheka watoto wakishaamua kwamba mama amezeeka. Fundi naye alinisikiliza kwa adabu, shikamoo zote alitoa, kisha akapigilia misumari. Kwa mwanangu, nyumba ilikuwa ya baba yake. Mama anasema mpaka sauti inakauka, halafu anapika chai ya fundi.

Nisiseme uongo, ilipendeza. Ilipakwa rangi ya maziwa, na wakwe walisifia. Mkwe mkubwa aligonga ukuta kwa vidole akasema nyumba imara. Mwanangu siku ile alitembea kama mtu aliyenunua shati jipya.

Masika iliyofuata mto Mkondoa ulipanda. Kwangu haukufika mlangoni, uliishia kulowesha ardhi tu, nayo ikakaa imelowa muda mrefu. Jua likatoka, nyumba za jirani zikakauka, yangu ikabaki na harufu ya kaburi lililofukuliwa. Nikagonga ukuta, nikasikia mlio wa debe. Ukuta wa chumbani kwangu ukaanza kutoa tumbo taratibu, kama msichana anayewaficha wazazi. Mchwa wakapata njia kati ya saruji na udongo, gizani, ambako hakuna jicho la kuwaona. Zamani mchwa akipanda ukutani unamwona, unamkwangua, unampaka majivu. Hawa walikula wakiwa wamefunikwa blanketi.

Mwanangu alimleta fundi wake azibe nyufa kwa saruji zaidi. Nilimwambia anafunga kidonda bila kukiosha. Safari hii hakucheka. Nilimweleza kilichobaki: tubandue saruji yote kiangazi hiki, ukuta ukauke, usiribwe upya kabla mvua hazijarudi. Mvua zikiukuta hivi, nyumba ya baba yake imekwisha. Alikubali.

"Sawa mama, tutabandua. Lakini nani atasiriba?"

Nikaitazama mikono yangu. Vidole vimepinda kwa baridi yabisi, hata kifungo cha gauni nafungiwa na mke wa mwanangu. Mjukuu wangu ana kucha za kubandika, ndefu, zina maua. Nilimwonyesha udongo ulioloweshwa akaziba pua. Alibaki mtu mmoja duniani, na huyo alikuwa Mikumi.

Nikamfuata. Sehemu aliyofanya kazi ina vibanda vya mviringo vimeezekwa nyasi, kuta za rangi ya udongo mwekundu, zina alama za viganja. Moyo uliruka. Nilizijua alama zile kabla sijamwona mwenyewe, kwa sababu yeye siku zote huburuta kidole kidogo mwishoni, na nilimgombeza sana kwa hilo. Nikajisemea, kumbe wapo watu wanaoutaka ufundi wetu, tena watu wenye pesa zao. Nikaweka mkono ukutani.

Saruji. Ngumu na baridi kama tumbo la samaki. Wameichanganya na rangi.

Mwenzangu alitokea na ndoo, kavaa glavu za mpira. Akaniamkia, tukakumbatiana, akaona uso wangu ulivyo.

"Wanataka ionekane udongo, dada," alisema. "Udongo wenyewe hawautaki. Wanasema una wadudu."

Nilicheka mpaka mlinzi akageuka kututazama. Halafu nikamweleza kilichonileta. Nilimwomba siku chache tu, aje asimamie, hata mabinti tutawatafuta wakanyage. Alisikiliza huku anatazama ndoo yake isigande. Aliniambia akiondoka nafasi yake itachukuliwa, ana wajukuu anaowalea. Nilisema nitamsubiri mpaka apate ruhusa. Hapo akavua glavu. Ncha za vidole zilikuwa laini kama kioo, kiganja kimebabuka na kupona na kubabuka tena. Saruji ilikuwa imemla kabla hawajampa glavu.

"Hata nikija, dada, mkono huu hausikii tena," alisema. "Juzi nimeshika sufuria ya moto, nikanusa ndipo nikajua."

Nikaushika mkono ule. Alinipa sukari na khanga ya kurudi nayo, na alinisindikiza mpaka barabarani.

Tulibandua hivyo hivyo. Nilijiambia ukuta ukikauka nitasiriba kwa kisigino cha mkono, kidogo kidogo, hata kama utakuwa mbaya. Nikawekewa kigoda nje. Fundi alipiga nyundo, mwanangu akavuta waya. Saruji ikatoka kama ngozi ya mtu aliyeungua, na nyama ikaja nayo. Ndani udongo ulikuwa mweusi, unamwagika kama uji. Nguzo alizochagua mume wangu, zile zilizostahimili mafuriko mangapi, mwanangu alizibonyeza kwa dole gumba, dole likazama.

Fundi akaacha kupiga. Mwanangu alisimama na waya mkononi, vumbi limemjaa kope, akawa na sura yake ya utotoni.

"Mama, tufanye nini?"

"Shusheni bati," nilimwambia, "kabla halijawaangukia."

Walishusha, na kuta zikaporomoka mmoja baada ya mwingine. Kufikia alasiri nilikuwa nakaa mbele ya kichuguu kikubwa.

Sasa nina chumba cha bloku kwenye kiwanja kile kile. Mchana kinawaka kama tanuri, nakaa nje mpaka jua lizame. Mwanangu ameninunulia feni, umeme ukiwepo inazungusha joto lile lile. Kila akipita ananiuliza kama nimekula. Hataji nyumba, na mimi sitaji.

Jirani alikuja na toroli kuomba ule udongo, akajazie shimo mto ulipokula uani kwake. Aliomba kwa aibu, kama anaomba nguo za marehemu. Nikamwambia achukue wote. Alipakia kutwa, na nilimwona akiukanyaga shimoni kwa buti, unashindiliwa, unakuwa ardhi.