Ukitafuta Mto wa Trauti, Anza na Magoti ya Mama

Ipo siku moja, mwanangu Shabani, ambayo hunirudia yote kila nikisikia jina la samaki aitwaye trauti. Juzi ulipokaa hapa uani kwetu Mbagala ukiwaonyesha wanao picha za mito ya Lushoto kwenye simu, ilinirudia tena na baridi yake. Nilikuwa napepeta mchele, nikajifanya sisikii. Nilisikia. Nilisikia kwamba mto huu una trauti wakubwa, ule una maporomoko mazuri ya kupigia picha, na fimbo ya kuvulia umeshaazima kwa rafiki yako wa kazini. Nikamsikia pia mkeo akiuliza, "Na mama je?" Nawe ukamjibu kwa sauti ya chini kwamba mama atabaki na jirani, kule kuna miteremko.

Sikukasirika. Nilinuna kidogo tu, mpaka mchana. Halafu nikasema huyu ni mtoto wa baba yake kabisa, bora nimsimulie.

Baba yako, Mungu amrehemu, alinikuta Msasani nikiwa binti wa mvuvi. Yeye alikuwa seremala, kijana wa Lushoto aliyekuja mjini kutafuta kazi, mrefu, mpole, na sweta la kwao hakulivua hata miezi ya joto. Posa ilikuwa imeshaletwa lakini jibu halijatoka. Babu yako alisema hawezi kumtoa mwanawe kwenda milimani asikokujua. Angekwenda apaone kwanza, na bibi yako angekwenda naye. Mimi niliruhusiwa kwa sababu moja tu: bibi yako alikuwa na magoti mabovu, na mkono aliozoea kuushika ulikuwa wangu. Safari yote ile, mwanangu, roho yangu ilikuwa mkononi. Wakirudi wameridhika, nimeolewa. Wakirudi wamenuna, basi tena.

Baba yako naye alitaka kumfurahisha mkwe. Alijua mzee ni mvuvi, akaona amwonyeshe kitu ambacho pwani hakipo: trauti, samaki wa maji ya baridi ambaye wazungu walimpandikiza zamani kwenye mito ya kwao. Samaki yule hupenda maji maangavu yanayokimbia, na huvuliwa kwa ndoano iliyofungwa manyoya ya kuku ikafanana na nzi. Babu yako, mtu wa samaki wa baharini, changu na kolekole, aliigeuzageuza ndoano ile kiganjani.

"Samaki wa huko kwenu wanakula kuku?"

"Wanadanganyika tu, mzee."

"Haya. Tutaona atakayedanganyika ni nani."

Asubuhi ya kwanza huko Lushoto baba yako akatupeleka mahali alipovulia tangu utotoni, chini ya maporomoko, ndani ya msitu. Mto mzuri, sikatai. Ukisimama barabarani unausikia, na wanasema maji yake unaona kokoto hadi chini. Lakini njia ya kuufikia ilishuka kama ngazi iliyovunjika. Mama, yaani bibi yako, alishuka hatua chache, akashika mti, akasimama. "Nyie nendeni," akasema. "Mie nawangojea hapa hapa."

Nao wakaenda. Wanaume wakishasikia harufu ya samaki huwa hawageuki nyuma. Baba yako alisema hawakawii, akateremka na fimbo, na kikapu cha chakula kikateremka naye, na chupa ya chai ndani yake. Mimi na mama tukakaa juu ya gogo kando ya barabara. Ukungu ukashuka. Tulijifunika kanga mbili pamoja, na mama akawa ananisimulia mambo ya harusi yake ili nisione anavyotetemeka. Niliona.

Walipopanda, jua lilikuwa limeshageuka. Wana trauti watatu wanono wenye madoadoa, wamewatunga kwenye kijiti. Baba yako anang'aa uso mzima. Babu yako akamtazama mkewe, akavua koti, akamvika. Kisha akamgeukia baba yako bila kupandisha sauti.

"Kijana, samaki wako nimewaona. Sasa mke wangu yeye ameona nini?"

Baba yako akakishusha chini kile kijiti cha samaki.

"Nimeona ukungu," mama akasema. "Mwingi tu."

Alikuwa anataka kumwokoa, maskini, lakini ndiyo kwanza alizidi kumzamisha. Jioni ile samaki waliliwa na hakuna aliyesifia. Mimi nililia jikoni kwao nikasingizia moshi. Nilimpenda yule kijana, Shabani. Nilimpenda na sweta lake, na nikaona ananiponyoka kwa sababu ya samaki watatu.

Kulipokucha, hayupo. Fimbo ipo palepale ukutani, yeye hayupo. Bibi yake, kikongwe aliyekuwa akilala chumba cha mbele, naye hayupo. Babu yako akaanza kukunja shuka zetu, na mimi nikajua tunaondoka. Ndipo baba yako akatokea mlangoni, suruali imelowa hadi magotini. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Twendeni mtoni. Bibi ameshafika, anatusubiri."

Kumbe alikuwa ameteremka kwa akina mama wanaoosha karoti chini ya mashamba, akawauliza swali ambalo jana yake halikumjia kichwani: ni wapi mtu mzima anafika majini bila kushikwa mkono. Wakamwelekeza kwenye kijito. Hakuridhika na maneno. Alirudi akamchukua bibi yake, aliyekuwa mzee kuliko mama, akamtembeza njia nzima polepole. Alipoona bibi amefika na wala hahemi, ndipo akaja kutuita sisi.

Tukamkuta bibi amekaa kwenye nyasi, juani, juu ya mkeka. Mama akaketi pembeni yake, akavua viatu, akatia miguu majini. Mmoja alisema Kisambaa, mwingine Kiswahili cha Msasani, nusu ya maneno hawakuelewana, na walicheka kuliko sisi sote. Trauti walikuwa wachache na wadogo. Baba yako akamshikisha mama fimbo, na mama akiwa amegeuka anaongea, samaki wa urefu wa kiganja akaukamata ule unyoya. Babu yako alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akasema, "Kijana, jibu la posa yako kamuulize huyo mwenye magoti."

"Mie nilishajibu," mama akasema, "tangu nilipokaa."

Basi ndiyo nasaha yangu, mwanangu. Trauti wa kweli utawapata, maana mto wao haufichiki: maji maangavu, baridi, mawe safi, msitu juu yake. Mvua ikinyesha yakawa rangi ya chai ya maziwa, usihangaike. Kibali kaulize ofisi ya uvuvi kabla hamjatoka. Lakini ukienda na familia, usianze na samaki. Anza na yule anayetembea polepole kuliko wote, na yule mdogo asiyejua kuogopa maji, uwatafutie mahali pao. Picha za simu hazionyeshi njia ya kushukia. Waulize wanaochota maji pale kila siku. Na chakula kibaki kwa wanaosubiri, hilo usinisahaulie hata kidogo.

Miaka imekwenda, na magoti yale sasa ninayo mimi. Jana nilimpigia shangazi yako Lushoto, akaenda kukiangalia kile kijito. Anasema trauti bado ni wachache, nyasi zipo, na njia ni ileile. Sitaki kumwona trauti mkubwa. Nataka kutia miguu pale mama alipotia yake, wanao wakiwa karibu, niwaambie babu yao, baba yako, alisimama wapi siku ile. Mkeka nimeshautoa kabatini, na nitaubeba mwenyewe.

Mungu awafikishe salama na awarudishe salama, mwanangu. Na magoti yako yakifika umri wa haya yangu, akupe watoto watakaokutafutia pa kukaa kwanza, ndipo watafute samaki. Amina.