Baba Aliporudi Kama Ombaomba

Nilipokuwa chuoni nikisomea ualimu wa fasihi, likizo moja niliwasimulia wazazi wangu hadithi ya kale ya Wayunani. Mfalme anarudi kutoka vitani baada ya miaka mingi, anaingia kwake amevaa matambara ya ombaomba ili ajue nani bado yuko upande wake. Baba alifurahi mno. "Huyo ni mwanaume wa akili!" Mama akauliza tu, "Kwani mke wake alikuwa mjinga?"

Baba ni fundi mwashi. Baada ya hapo alipata kazi ya kujenga nyumba Mugeta, ikamshikilia huko miezi mingi. Hata simu zikawa za nadra.

Likizo iliyofuata nilikuwa uani na mama, kwetu Bukima, tukianika dagaa. Akaingia mzee mmoja, kapinda mgongo juu ya fimbo, koti zito jua kali, kofia mpaka machoni, uso una majivu.

"Hodi jamani. Naomba maji, mama yangu."

Mbwa wetu, ambaye alimbwekea hata katekista, alimkimbilia akamlamba miguu. Nikamtambua baba. Nilitaka kucheka, mama akanifinya.

"Karibu, mzee," akasema, akampa maji kwa mikono miwili. "Unatokea wapi?"

"Mbali, mama. Sina mke, sina nyumba."

"Pole sana. Basi ukishapumzika, nisaidie huu mlango wa jiko. Mume wangu alikuwaga anasema atautengeneza, mpaka akaondoka."

Nikamletea nyundo. Baba akagonga misumari huku kapinda mgongo, jasho likimtiririka ndani ya lile koti. Mama aliendelea kugeuza dagaa. Kisha, bila kumtazama, akasema:

"Huko njiani ukimkuta fundi mmoja wa hapa, mwambie nyumba imekuwa kubwa tangu aondoke. Mwambie binti yetu akiwa chuo, nikisonga ugali najikuta nimesonga wa watu wawili."

Nyundo ikanyamaza. Sikuwahi kumsikia mama akisema hivyo. Yeye na baba waliongeaga mambo ya mvua, mbegu na ada tu. Baba alianza kujibu kwa sauti ya kizee, akaiacha. Akanyooka, akavua kofia.

"Mama watoto, ni mimi."

"Najua ni wewe. Maliza kwanza mlango."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Tulipokuwa tunakula, baba akaniuliza yule malkia alimtambuaje mumewe. Nikamweleza: aliamuru kitanda chao kihamishwe, mfalme akafoka, kwa sababu alikichonga mwenyewe kwenye mti wenye mizizi ardhini, hakihamishiki.

"Fundi kweli," baba akasema.

"Huyo mwanamke tungeelewana," mama akasema, akamwongezea samaki.

Baba alirudi Mugeta kumalizia nyumba ya watu. Ila kila Jumamosi alikodi bodaboda mpaka Bukima, na alimwambia dereva apige honi tangu barabara kubwa, ili mama ajue anakuja.