Kidoti cha Waridi

Sokoni Iringa, Waridi anajulikana kwa nyanya zake za Ilula na kwa miguu isiyotulia. Hakai. Hata harusini, ukimkalisha ukumbini utamkuta jikoni anakoroga sufuria ya watu. Lakini tangu mumewe Othmani amnunulie simu mpya, kuhangaika kwake kumepata mlinzi. Mzee hakuficha. Alimwonyesha ramani kwenye simu yake mwenyewe, akamwambia kidoti hiki cha buluu ndiye wewe, na siku kitakapokanyaga Ipogolo, ufungashe virago urudi kwenu.

Ipogolo, chini ya mlima, ndiko alikoolewa binti yao Shufaa, na fundi wa kuchomelea aitwaye Eliezeri, bila radhi ya baba. Sasa alikuwa na mimba ya kwanza na mwezi wake umefika. Mama gani atapita hapo na matenga ya nyanya, ageuze uso?

Alisikia kwamba simu ikifunikwa vizuri kwa chuma haionekani kwenye ramani. Akaanza na sufuria na mfuniko wake; jirani alipompigia kujaribu, sufuria ikaita mpaka mfuniko ukatetemeka. Akahamia karatasi ya foili, ile ya kuokea samaki, akaizungusha simu mara kadhaa bila kuacha upenyo. Kimya. Akajiona mwizi, naye yuko jikoni kwake.

Ikawa ndiyo desturi. Akitoka Ilula anaifunga simu, anateremka Ipogolo, anamkanda Shufaa mgongo, anakunywa chai ya moto kwa pupa, anaondoka. Akiulizwa, mtandao ulipotea milimani. Usiku usingizi haumjii. Alimwogopa Othmani, na alichukia kumwogopa.

Jumanne moja alikuta mlango umefungwa. Evarista, jirani wa Shufaa, alikuwa anafagia uwanja.

"Mama, uchungu umemshika asubuhi, na Eliezeri yuko Mbeya. Kakupigia mpaka kachoka. Hupatikani."

"Sasa kaenda hospitali na nani?"

"Kuna mzee kaja na gari. Kanzu kaivaa ndani nje."

Waridi aliichana foili kwa meno. Simu ikapata mtandao, ikaanza kutetemeka, meseji zikamiminika, na kabla hazijaisha Othmani akapiga.

"Mama Shufaa, uko wapi?"

"Niko Ilula," mdomo ukajibu wenyewe.

Othmani akauliza, "Mbona nakuona mlangoni kwa mtoto?"

Waridi akaificha foili kiganjani. Ikalia vidoleni.

"Alipokukosa wewe ndiyo akanipigia mimi," Othmani akasema. "Amejifungua salama, wa kike. Anakuulizia wewe tu, na mimi kichanga sijui hata kumshika. Kaa hapo hapo, nakufuata."

Waridi akakaa kizingitini. Evarista alipomletea kigoda alikataa, akasema hapo hapo panatosha.