Kovu la Dada Zainabu

Iko siku moja ambayo ikinijia, mwanangu, huwa naacha ninachokifanya nikae kwanza. Ni siku tuliyomzika jirani yetu hapa Mabwerebwere, Kilosa, mama wa makamo aliyekuwa akiuza maandazi, nami nilikuwa msichana ambaye bado hajaolewa. Jina lake sitalitaja. Sisi tunaoosha maiti tuna amana: unachokiona kwa marehemu unakizika pamoja naye. Ndiyo kazi yangu mpaka leo, na najua watoto wa mtaa wanabadili njia wakiniona na kikapu changu, kana kwamba mauti nimeyatia humo pamoja na nyanya. Waache wakimbie, wakichoka watarudi.

Juzi ulikuja na simu yako mkononi. Ulisema umesoma kwamba huko Ulaya saratani ya matiti inawapata wanawake wengi kuliko huku kwetu, lakini wengi wao wanapona, na vifo vyao vimekuwa vikipungua miaka inavyokwenda, ilhali sisi tukiipata wengi tunakufa. Ukaniuliza, "Bibi, kwani wao wana nini ambacho sisi hatuna?" Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nasonga ugali, na swali lenyewe halikuwa la kujibiwa mwiko ukiwa mkononi. Leo nakujibu.

Siku hizo za usichana wangu nilikuwa nafanya kazi Mikumi, kwenye hoteli ya wageni wanaokuja kutazama wanyama. Nilitandika vitanda na kufua mashuka. Akaja mama mmoja wa Kizungu, mvi tupu, aliyewahi kufundisha Morogoro, Kiswahili chake cha kuokoteza lakini kinaeleweka. Mkono wake ulikuwa umeteguka, akaniomba nimfunge vifungo vya gauni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba vizuri kabisa. Nilipoinua macho nikaona kifua chake upande mmoja kimelala bapa, na kovu refu limepita pale palipokuwa na titi. Nikashtuka, nikampa pole.

"Usinipe pole mimi," akasema. "Hili madaktari walitoa zamani sana, na mimi bado natembea. Pole mpe mama yangu. Yeye alificha ndani ya nguo, akafa mimi nikiwa mdogo."

Nikamaliza vifungo, akaenda zake kutazama tembo.

Sasa siku ile ya msiba, wanaume walipokwisha kurudi kutoka makaburini, wanawake tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, nami nikaanza kusimulia habari za yule mama wa Kizungu. Nilizisimulia kama kioja, maana ujana una mdomo mwepesi. Wenzangu wakacheka chini chini. Msiba nao una vicheko vyake. Mmoja akasema, "Hao damu yao nyingine bwana. Mtu mweusi ukikatwa titi humalizi wiki. Kisu kikishagusa uvimbe, ndo unasambaa mwili mzima." Wengine wakaitikia kwamba ni kweli tupu.

Pembeni alikaa Bi Tatu na kikombe chake cha uji. Ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake mjini Kilosa nyakati hizo, bibi mfupi, mkali, ambaye hata mashekhe walimwogopa kidogo. Asubuhi ile alikuwa amemwosha marehemu wetu.

"We binti," akaniita. "Huyo mama yake na Mzungu wako alikuwa mtu wa nchi gani?"

"Nchi hiyo hiyo ya mwanawe, bibi."

"Na damu je?"

"Hiyo hiyo pia, bibi."

"Nchi moja, damu moja. Mama kaficha, kafa. Binti kasema, kapona. Sasa hiyo damu yenu inaingilia wapi hapo?"

Akaweka kikombe chini. "Mimi sisemi jina la mtu, na nikilisema Mungu anihukumu. Lakini naosha wanawake tangu wengi wenu hamjazaliwa. Nimekuta vifua vimeoza, vimefungwa matambara, vimepakwa majani mpaka na samadi. Vidonda nimeviona mpaka nimechoka. Kovu sijaliona, wanangu. Hata moja. Mwenye kovu ni yule aliyetibiwa akaishi. Ninyi mnaniletea vidonda tu, halafu mnakaa hapa mnacheka makovu ya watu."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mbele yetu alikuwa amekaa yule anayewapokea waliokwisha kuumbuliwa.

Dada yangu Zainabu alikuwepo pale mkekani. Alikuwa amekuja msibani kutoka Kidete alikoolewa, na jioni ile alipaswa kurudi kwake kwa treni. Nikamsindikiza stesheni. Tulipofika akaushika mkono wangu, akauingiza chini ya kanga, akauweka kwenye titi lake la kushoto. Nikagusa kitu kigumu, kama mbegu ya ukwaju chini ya ngozi.

"Tangu lini, dada?"

"Tangu kabla ya mvua. Hakiumi."

"Shemeji anajua?"

Machozi yakamtoka. "Nikikatwa, baba Salima ataniacha. Na nikifa huko kwenye kisu, wanangu nitamwachia nani?"

Nilimpenda dada huyu kuliko nafsi yangu. Treni ikaja, ikaondoka, sisi bado tumesimama. Kisha nikamvuta mkono tukarudi mjini, moja kwa moja kwa Bi Tatu.

Nilipomweleza, Bi Tatu hakumgusa. Alimtazama machoni, akasema, "Zainabu, mimi ukiona nimekuvua nguo, ujue hunioni tena. Sitaki niwe wa kwanza kuliona titi lako. Atangulie daktari."

Kesho yake bibi yule, na miguu yake mibovu, alipanda treni pamoja nasi mpaka Kidete. Shemeji alitupokea kwa heshima zote, akamwamkia, akamletea kiti. Alikuwa mkulima mpole wa bondeni kwenye mto Mkondoa, na alidhani tumemletea habari za msiba mwingine. Bi Tatu hakuzunguka mbuyu.

"Baba Salima, mkeo ana uvimbe kwenye titi. Nimekuja kukuuliza swali moja tu. Unataka nimpokee mimi, au ampokee daktari?"

Shemeji aliinamisha kichwa. Nilidhani atasema tusubiri mavuno, au aitwe kwanza mganga wa Vidunda, kama walivyosema wanaume wengi. Alipoinua uso macho yake yalikuwa mekundu. Alimwambia dada, "Mama Salima, mimi nilioa mtu. Funga nguo, twende."

Wakaenda hospitali ya Kilosa, wakaandikiwa Morogoro, na Morogoro wakawapeleka Dar es Salaam. Titi likatolewa. Dada alirudi amekonda, nywele zimepukutika kwa sababu ya dawa, na kwa muda mrefu hakutaka kuoga mbele ya mtu, hata mimi. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Kitanda cha pili pale Dar es Salaam alilala mama wa rika lake, mcheshi, aliyekuja kidonda kikiwa kimeshafunguka. Yeye alirudishwa kwao akiwa ndani ya sanda. Dada alimlilia kama ndugu wa tumbo moja.

Nami nisikusikie ukisema yule mama alikuwa mjinga. Alitoka mbali, zahanati ya kwao haikuwa na mtu wa kumwambia kitu, na nauli ya Dar es Salaam si jambo dogo. Huko kwa wenzetu kipimo kinamfuata mama mpaka karibu na mlango wake. Huku mama ndiye anayekifuata kipimo, na njia ni ndefu. Hilo ndilo jibu la swali lako, na linaniudhi mpaka leo. Wenzetu hawakuzaliwa wakipona. Walikuwa wakifa kama sisi, kisha wakaacha kuficha, na wakubwa wao wakajenga. Basi wewe uliyesoma, ukija kuwa na kiti na sauti, wakumbushe wakubwa wetu.

Dada Zainabu aliishi. Alilima tena mpunga wake, alimwoza Salima, akapakata wajukuu, akagombana nami mara zisizo na idadi. Alizeeka, na homa ya kifua ikamchukua kitandani kwake, mumewe amemshika mkono. Bi Tatu alikuwa amekwisha kutangulia, kazi yake ameniachia, na mwosha nilikuwa mimi.

Nilimwagia maji dada yangu kwa mkono huu. Nilipofika upande wa kushoto nikalikuta lile kovu, limepauka, limetulia. Nililia, mwanangu, lakini haikuwa huzuni peke yake. Lilikuwa kovu la kwanza katika kazi yangu yote. Wala simvunjii amana kwa kukuambia, maana mwenyewe aliniagiza akiwa hai: "Langu lisimulie. Wasichana wajue mtu anapona."

Basi nimelisimulia. Mwanangu, jijue mwili wako kabla wengine hawajaujua. Unapooga, jipapase. Ukikuta kitu kigeni, kiwe kinauma au hakiumi, usikipe msimu, usiseme baada ya mavuno au baada ya harusi ya fulani; usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwambie mama yako, nenda zahanati, na wakikuambia si kitu, shukuru urudi nyumbani. Mumeo akitetereka, mlete kwangu nimuulize swali la Bi Tatu. Stara ni kitu chema, nami nimeilinda maisha yangu yote, lakini stara ya maiti mwachie maiti.

Mola akupe afya na uzee wenye wajukuu wabishi kama wewe. Akuepushe na mkono wangu. Siku ikifika, aujaalie uwe mkono wako unaoniosha mimi, na kamwe usiwe wangu unaokuosha wewe.